Mvinyo mwekundu wa moto wenye viungo: mwongozo kamili kwa anayeshindwa kila Desemba

Kila masoko ya Krismasi yakishafunguliwa hapa Ujerumani, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Mtu ameonja Glühwein, yaani mvinyo huu wa moto wenye viungo, sokoni Nürnberg au Köln, ameipenda, akarudi nyumbani na chupa mbili za mvinyo na pakiti ya viungo. Akapika. Kilichotoka ni kinywaji kichungu, kizito, chenye harufu ya kliniki ya meno, na wageni wakaacha vikombe vikiwa nusu.

Nimesikiliza maelezo ya wengi walioshindwa, na karibu wote wamefanya kosa moja: wameupika mvinyo kama chai. Sisi tumekua na chai ya viungo. Maji, maziwa, tangawizi, iliki na mdalasini vyote vinaingia sufuriani pamoja, moto mkali, inafura, unashusha, unarudisha, inafura tena. Kwa chai hiyo ndiyo njia. Mvinyo ukiufanyia hivyo umeuua.

Viungo vinataka kuchemka ndipo vitoe ladha. Mvinyo hautaki kuchemka hata dakika moja. Kwa hiyo tunavitenganisha: viungo tunavichemsha kwenye shira, kama shira ya kaimati ila nyepesi zaidi, kisha mvinyo unaingia mwishoni kupata moto tu. Ukilishika hilo, hatua zote zilizobaki zitakuja zenyewe.

Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi vinatosha vikombe 8 vya mililita 200.

- Mvinyo mwekundu mkavu, chupa 2 za mililita 750
- Maji, mililita 200
- Sukari, gramu 120 (kama vijiko vikubwa 8)
- Machungwa 2, na jingine 1 la kukata vipande vya vikombeni
- Mdalasini, vijiti 2 vyenye urefu wa kidole
- Karafuu nzima, 8
- Iliki nzima, 4
- Anisi ya nyota, 1 (hapa Ujerumani inauzwa kwa jina la Sternanis)
- Limau 1 la akiba, kwa ajili ya kurekebisha ladha mwishoni

Vyombo: sufuria ya lita 3 yenye kifuniko, kisu chembamba cha kumenyea viazi, chujio la chai, upawa, na vikombe vizito vya udongo. Ukiweza, nunua kipimajoto cha jikoni. Si ghali, na kitakuondolea nusu ya makosa ninayoyaeleza hapa.

Kuhusu sufuria nakuomba uwe makini. Ile sufuria nyepesi ya aluminiamu tuliyoizoea nyumbani haifai kwa kazi hii. Mvinyo una asidi, na asidi inakula aluminiamu. Ladha ya bati inaingia kwenye kinywaji na rangi inafifia. Nyanya na ndimu hufanya vilevile ukizilaza humo. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli ambayo haijabanduka ndani.

Hatua ya 1: Chagua mvinyo sahihi

Unatafuta mvinyo mkavu, wenye ladha ya matunda, ambao haujakaa miaka mingi. Kwenye lebo za Kijerumani neno ni trocken. Ukiona lieblich, huo ni mtamu tayari, na ukiongeza shira juu yake utapata sharubati ya kukwaza koo.

Dornfelder ni chaguo zuri hapa: rangi yake ni nzito, una matunda mengi, na haukauki mdomoni. Spätburgunder na Merlot nazo zinafaa. Epuka chupa iliyoandikwa Barrique, maana mvinyo huo umelazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Ladha ya mbao ikikutana na mdalasini na karafuu inakuwa ukakasi juu ya ukakasi. Mvinyo wenye tanini nyingi, yaani ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi, unazidi kukausha ukipata moto.

Usinunue wa bei kubwa. Viungo vitafunika zile ladha za ndani ulizozilipia. Lakini usinunue pia ule ambao usingeweza kuunywa baridi, kwa kuwa joto linaongeza nguvu ya harufu, na harufu mbaya nayo inaongezeka. Katika maduka ya kawaida hapa, chupa ya kati ya euro 3 na 6 inatosha kabisa.

Onyo moja ambalo limewaponyoka wengi: chupa iliyoandikwa Glühwein dukani tayari imetiwa sukari na viungo. Wapo walioinunua hiyo, kisha wakaongeza karafuu, mdalasini na sukari juu yake. Ukiwa na chupa hiyo, ruka hatua zote mpaka ya 6, uipashe tu na kuimimina.

Hatua ya 2: Kagua viungo kimoja kimoja

Hapa ndipo mikono yetu ina faida, kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye pilau na chai. Itumie faida hiyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema kinywaji kinachouzwa kwa jina la Glühwein kitengenezwe kwa mvinyo mwekundu au mweupe peke yake, kikolezwe hasa kwa mdalasini au karafuu au vyote viwili, na kiwe na kileo kisichopungua asilimia 7. Kwa hiyo nguzo ni mbili, mdalasini na karafuu. Vingine ni wasindikizaji.

Karafuu ndiyo inayoharibu sufuria nyingi. Mafuta yake yana kitu kiitwacho eujenoli, kilekile kinachotumika kwenye dawa za kutuliza maumivu ya meno. Ndiyo maana ikizidi, kinywaji kinanukia kliniki na ulimi unashika ganzi. Karafuu 4 kwa kila chupa ya mvinyo, usizidishe. Najua mkono utakuwasha, hasa kama umetumiwa karafuu kutoka Pemba na kopo limejaa. Jizuie. Na kwa karafuu nzuri ya namna hiyo, hata 3 kwa chupa zinatosha.

Ili kujua kama karafuu yako bado ina nguvu, ibonyeze kwa ukucha. Nzuri inatoa mafuta na kidole kinabaki na harufu. Njia nyingine ni kuitumbukiza kwenye glasi ya maji: iliyo hai inazama au inasimama wima, iliyokauka inaelea ikiwa imelala. Kwenye pakiti za bei rahisi utakuta makonyo mengi, vile vijiti visivyo na vichwa. Yachambue uyatupe. Hayana utamu wa karafuu, yanatoa ukakasi wa mti tu.

Mdalasini uko wa aina mbili sokoni. Ule wa Sri Lanka una maganda membamba mengi yaliyojikunja pamoja kama sigara, unavunjika kwa vidole, na ladha yake ni laini. Kasia ni gome moja nene, gumu, lenye ladha kali. Yote miwili inafanya kazi. Kama ni kasia nene sana, tumia kijiti kimoja na nusu.

Iliki haimo katika mapishi mengi ya Kijerumani, lakini Waswidi hawawezi kuiacha katika glögg, ambayo ni ndugu wa kinywaji hiki. Mimi naiweka kila mara. Ipasue kidogo kwa ubapa wa kisu mpaka mbegu nyeusi zionekane, usiisage.

Anisi ya nyota inaleta utamu wa aina yake, lakini moja tu. Zikiwa mbili, zinatawala.

Usitumie viungo vya unga. Unga haukamatiki kwenye chujio la chai, unafanya mvinyo uwe na tope, na mdalasini wa unga unateleza kama mlenda ukipata maji ya moto. Na masala ya chai usiyaguse kabisa. Ndani yake mara nyingi kuna tangawizi na pilipili manga, vyote vimesagwa. Mvinyo unatoka unawasha koo, na hakuna njia ya kuvitoa.

Hatua ya 3: Menya ganda la chungwa, si chungwa lote

Osha machungwa kwa maji ya moto na uyasugue. Hapa Ulaya machungwa mengi yamepakwa nta na kunyunyiziwa dawa baada ya kuvunwa, ili yasioze njiani. Kwa kuwa tunatumia ganda, tafuta yaliyoandikwa Bio au unbehandelt, yaani yasiyotiwa dawa. Kama ulichonacho ni cha kawaida na lebo inasema ganda lisiliwe, tumia juisi yake peke yake na uache ganda.

Kwa kisu chembamba, menya ngozi ya rangi ya chungwa tu, vipande virefu 5 au 6 kutoka chungwa moja. Ile nyama nyeupe iliyo chini ya ngozi ndiyo yenye uchungu. Kipande ulichomenya ukikigeuza na kukiona cheupe chote, umekata ndani mno, kikwangue. Ukiona vitone vya rangi ya chungwa vinaonekana kwa nyuma, umepatia.

Kamua juisi ya machungwa yote mawili, ichuje, iweke kando. Utapata kama mililita 150.

Wengi hukata chungwa zima kuwa duara na kulitumbukiza mwanzoni kwa sababu linapendeza kwenye picha. Nyama nyeupe yote inapikwa nusu saa ndani ya asidi, na hapo ndipo uchungu unapotoka. Duara zikae kwenye kikombe wakati wa kunywa, si sufuriani.

Hatua ya 4: Pika shira ya viungo

Weka maji, sukari, mdalasini, karafuu, iliki na anisi sufuriani. Hakuna mvinyo bado. Kama una kile kichujio cha chai cha kufunga, chenye mnyororo, weka karafuu humo ili uweze kuzitoa upesi baadaye.

Chemsha mpaka sukari iyeyuke, kisha punguza moto na uache ichemke taratibu kwa dakika 10. Hapa usiogope moto. Maji yanayochemka ndiyo yanayofungua gome la mdalasini na kulainisha karafuu. Ukiviweka viungo moja kwa moja kwenye mvinyo wa nyuzi 70, vitachukua muda mrefu zaidi kutoa kiasi hicho, na wakati huo mvinyo unazidi kuchoka.

Zikibaki dakika 3, tia maganda ya chungwa. Yakichemka muda mrefu nayo huanza uchungu, ndiyo maana hayaingii mwanzoni.

Shira iliyoiva imepungua karibu nusu, ina rangi ya asali nyepesi, na inashika kijiko kidogo tu. Si nzito ya kaimati. Ikianza kuvuta nyuzi, ongeza maji kidogo. Inusie: kwanza uupate mdalasini, kisha chungwa, karafuu ije nyuma. Ikiwa karafuu ndiyo ya kwanza kukugonga pua, toa nusu yake sasa hivi. Onja tone. Itakuwa tamu kupita kiasi na kali kidogo, ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu lita moja na nusu ya mvinyo inakuja.

Hatua ya 5: Toa fungu la wasiokunywa kileo

Katika nyumba zetu karibu kila mara yupo mtu asiyekunywa: Mwislamu, mlokole, mjamzito, mtoto, dereva. Usimwachie maji ya bomba. Shira hii haina kileo, kwa hiyo mpe haki yake sasa, kabla ya chupa kufunguliwa.

Chukua vijiko vikubwa 3 vya shira, uvitie kwenye sufuria nyingine safi. Ongeza nusu lita ya juisi nyekundu ya zabibu isiyotiwa sukari, na nusu lita ya chai nzito ya rozela. Hapa Ujerumani chai nyingi za matunda zinazouzwa kama Früchtetee zina rozela ndani, kwa hiyo hutaikosa. Rozela inaleta uchachu na wekundu ambao juisi peke yake haina. Sufuria hii unaweza kuichemsha upendavyo.

Tumia upawa na chujio tofauti. Na usimwambie mtu yeyote kwamba mvinyo ukipata moto kileo kinaisha. Hakiishi, hata ukichemka kwa dakika kadhaa. Asiyekunywa hanywi, na anastahili kuambiwa kweli.

Hatua ya 6: Tia mvinyo, na usitoke jikoni

Shusha moto uwe mdogo. Mimina chupa zote mbili na juisi ya machungwa kwenye shira, koroga mara moja. Kuanzia hapa kazi yako ni kusimama karibu na sufuria.

Unalenga nyuzi 70. Ukomo ni 75. Kileo kitupu huchemka nyuzi 78. Ndani ya mvinyo kimechanganyika na maji, kwa hiyo hakiruki chote kwa mkupuo, lakini kadiri unavyoikaribia na kuivuka joto hilo kinapotea kwa kasi, na harufu ya matunda inakitangulia. Kinachobaki ni ukakasi, asidi na sukari iliyopikwa. Ndiyo ile ladha ya jamu iliyoungua ambayo wengi mmenieleza.

Kama huna kipimajoto, tazama kwa macho. Kwanza mvuke mwembamba unaanza kupanda. Kisha vipovu vidogo kama vichwa vya sindano vinashika ukingo wa sufuria, huku uso wa mvinyo bado umetulia. Hapo ndipo pake. Ukiona povu jeupe linajikusanya juu, umefika mwisho, zima. Ukiona uso unatikisika, umechelewa. Toa sufuria kwenye jiko mara moja, usitosheke na kuzima, kwa sababu jiko la umeme linaendelea kupasha hata likizimwa.

Kwa moto mdogo hatua hii huchukua kama robo saa. Usiongeze moto ili kuharakisha. Chini ya sufuria mvinyo utakuwa umeshachemka wakati juu bado ni vuguvugu, na hutajua. Kwa jiko la gesi, usiinamie sufuria, na usiache moto uzunguke nje ya kitako: mvuke wenye kileo unashika moto.

Mara yangu ya kwanza, miaka mingi iliyopita, niliichemsha kwa nusu saa nikijivunia harufu iliyojaa ngazi nzima ya jengo. Jirani mmoja, mama wa makamo, alinusa mlangoni, akaingia jikoni, akazima jiko bila kuniuliza. Akaniambia kwamba harufu ile iliyojaa kwenye ngazi ilipaswa kuwa ndani ya kikombe. Tangu siku hiyo nyumba ikinukia sana, nakimbilia kwenye jiko.

Hatua ya 7: Funika, uache utulie

Zima, funika, subiri dakika 20. Kifuniko kinazuia kileo na harufu visiruke, na viungo vinamalizia kazi yao bila moto. Onja baada ya dakika 10. Karafuu ikiwa imeshatosha, vuta kile kichujio chake utoe; vingine viendelee.

Usizidishe nusu saa. Viungo havijui kuacha. Sufuria iliyolazwa usiku kucha na karafuu ndani, asubuhi haina msaada.

Hatua ya 8: Chuja, onja, rekebisha, mimina

Chuja yote, tupa viungo, rudisha mvinyo sufuriani, na kama umepoa upashe tena hadi nyuzi 70.

Sasa onja kwa kijiko, ukiwa umepoa kidogo, maana ulimi uliounguzwa hauonji. Unatafuta nini? Ladha ya kwanza iwe ya mvinyo wenyewe, tunda jekundu. Mdalasini uje katikati. Utamu usikae mdomoni baada ya kumeza. Na baada ya kumeza, kifua kipate joto na ulimi ubaki msafi, usiwe na ganzi wala ukavu.

Ukikosa hapo, rekebisha hivi:

Mtamu mno: kamulia limau kidogo kidogo, kijiko kidogo kwa mara moja.

Mchachu mno: ongeza asali au sukari, koroga mpaka iyeyuke, onja tena.

Mchungu kidogo: tia chembe za chumvi, kiasi kinachoshikwa na ncha za vidole viwili. Chumvi hupunguza uchungu kwenye ulimi. Hutaionja chumvi yenyewe. Mchungu sana: ongeza nusu chupa ya mvinyo mpya na sukari kiasi. Uchungu hautoki, unagawanywa tu.

Viungo havisikiki: usirudishe mvinyo motoni upikwe zaidi. Pika shira nyingine ndogo kwa maji robo kikombe, kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu 2, uiongeze.

Umechemka: punguza hasara kwa kuongeza mililita 200 za mvinyo mpya mwishoni, bila kupasha tena. Hautakuwa kama ulivyopangwa, lakini harufu ya tunda itarudi kiasi.

Vikombe visuuze kwa maji ya moto kwanza, kwa sababu kikombe baridi kinanyonya joto lote. Glasi nyembamba inaweza kupasuka, epuka. Weka kipande cha lile chungwa jingine ndani ya kila kikombe, mimina, na usubiri dakika mbili. Kinywewe kikiwa na joto la kama nyuzi 60.

Wageni wakichelewa, uache sufuria kwenye moto mdogo kabisa, imefunikwa, bila viungo, si zaidi ya saa moja. Mvinyo wenye sukari ukishikiliwa kwenye moto kwa muda mrefu unapata ladha ya kupikwa, na hilo halirekebishiki.

Kabla hujakirudia kikombe cha pili

Kikombe kimoja cha mililita 200 cha mvinyo huu kina kileo cha karibu asilimia 10, sawa na bia ya mililita 400. Lakini hakiteremki kama bia. Ni kitamu, kina joto, na baridi ya nje inakufanya uharakishe. Vikombe vitatu vinapita kabla mtu hajahisi cha kwanza.

Na lile joto unalolisikia ni la ngozi. Kileo kinafungua mishipa midogo ya damu karibu na ngozi, damu yenye joto inakuja juu, unajisikia vizuri, na wakati huohuo mwili unapoteza joto lake kwa hewa. Kwa hiyo usivue koti. Nalisema hili kwa uzito kwa waliokuja Ulaya karibuni na hawajazoea nyuzi 5 chini ya sifuri: watu wamelala kwenye mabenchi wakidhani wana joto.

Anayeendesha gari asinywe. Ujerumani kikomo ni promili 0.5 za kileo kwenye damu (yaani gramu 0.5 kwa kila kilo ya damu), na kwa aliye chini ya miaka 21 au aliye bado katika miaka 2 ya majaribio ya leseni ni sifuri kabisa. Mjamzito asinywe. Anayetumia dawa aulize kwanza. Wenye metronidazole, ile ya amiba inayojulikana kwetu sana, waache kabisa.

Ukiwa Njombe, Limuru au Dodoma

Baadhi yenu mnaniandikia Julai, wakati wa kipupwe, kutoka Makete na Limuru ambako asubuhi mtu anaona mvuke wa pumzi yake. Kinywaji hiki ni chenu pia. Mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma unafaa vizuri. Kinachopaswa kuangaliwa ni utamu: chupa nyingi zinazopendwa nyumbani ni tamu tayari. Kama ndiyo uliyopata, sukari ya shira iwe gramu 40 badala ya 120, na limau liwe tayari.

Anisi ya nyota isipopatikana, iache. Chungwa la kwetu lenye ngozi ya kijani linafaa, ila ganda lake lina mafuta mengi na makali, kwa hiyo tumia vipande 3 badala ya 6. Kwenye jiko la mkaa punguza makaa mpaka yabaki machache yenye majivu juu, ndipo mvinyo uingie. Jiko likiwa limekolea hutaweza kuushika hapo nyuzi 70.

Uliobaki

Upoze, utie kwenye chupa safi ya glasi, uifunge, uiweke kwenye friji. Utakaa siku 3. Ukiupasha, pasha kiasi cha kunywa tu, kwa moto mdogo uleule, na kilichopashwa mara ya pili kisirudi kwenye chupa.

Kama mnatoka kutembea kwenye theluji, mimina ukiwa na nyuzi 70 kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Tenga chupa hiyo kwa kazi hii: karafuu inashika kwenye mpira wa kifuniko, na chai ya asubuhi itaibeba kwa wiki nzima.